Majivu Yanayouma

Afande Aber alikuja na shuka mkononi, na kabla hajanisalimu akalitandaza mbele ya mdomo wa boila ili mwanga wa moto upite. Ulipita. Shuka lilikuwa na vitundu vidogo vidogo, vingi, kama chekecheo.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona shuka, afande."

"Mimi naona boila yako, kupitia shuka yangu. Hii nilinunua mpya, Krismasi. Sasa nifanye nini nayo? Nichujie chai?"

Nyuma yake, juu ya ukuta unaotenganisha kiwanda chetu na kota za askari magereza anakoishi, vichwa vya wanawake vilikuwa vimejipanga kama vikombe kabatini. Walikuwa wamekuja kusikiliza.

Kiwanda chenyewe ni cha Haji Jamiru, hapa Jinja. Tunafua mashuka ya hoteli, yale wanayolalia wageni wanaokuja kushuka maporomoko ya Nile kwa maboti ya mpira. Mashine zinahitaji mvuke, mvuke unatoka kwenye boila, na boila ni mimi. Zamani tulichoma kuni za mkaratusi. Kuni zilipoanza kutoka mbali, Haji akahamia oili nyeusi, ile inayokusanywa kwenye magereji na kukwanguliwa chini ya matangi. Moto wake ulikuwa mzuri sana. Moshi wake ndio uliobadilika: ulinuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi puani mwako, na ulikuwa unauma koo.

"Mashuka ya wazungu mnafua," Afande Aber alisema, akigeuka kidogo ili ukuta usikie, "ya askari mnatoboa. Watoto yangu wanakohoa kama wazee. Na wewe uko hapa, unatabasamu na koleo."

Sikuwa natabasamu. Uso wangu ndivyo ulivyo. Lakini wanawake wa ukutani walicheka, na mimi sichekwi. Mimi ni Shakul, mtu wa Bugisu, nimesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, na utunzi nimejifundisha mwenyewe kwa redio na vidole vyangu kumi, bila mwalimu wa kunishika mkono. Nikaweka koleo chini, nikapanda juu ya pipa la oili, nikawaambia wote:

*Moshi nitaufungia, kama ndama kwenye kamba,*
*Nguo zitaning'inia, nyeupe kama za pamba,*
*Nikishindwa, naapia, nitarudi kwetu shamba.*

Halafu mmoja akapiga makofi. Afande Aber hakupiga. Alilikunja shuka lake taratibu, pembe kwa pembe, kama bendera inayoshushwa.

"Tamu," akasema. "Sasa sikia yangu, haina vina. Mwisho wa mwezi nakuja na watu wa jiji, wale wa kukagua. Wakikuta hiyo moshi bado inauma, boila inafungwa. Na wewe unarudi shamba. Umesema mwenyewe, na watu wamesikia."

Haji Jamiru alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, tasbihi mkononi. Afande alipoondoka akaniita.

"Shakul. Umeapa kwa boila ya nani?"

"Yako, Haji."

"Alhamdulillahi, umekumbuka." Akavuta pumzi. "Watu wa jiji wakitia kufuli hapa, hoteli zitapeleka mashuka Kampala, na zikishazoea Kampala hazirudi. Kwa hiyo ufunge huo moshi kama ulivyosema. Ukishindwa, boila naizima mimi mwenyewe kabla hawajaja. Sitaki kuaibishwa mbele ya kota."

*

Jambo moja lilikuwa linanisumbua kuliko matusi ya Afande. Mashuka yaliyotoboka yalikuwa yale yaliyoanikwa asubuhi, yakiwa yanachuruzika maji. Pazia kavu lililokuwa dirishani kwa Afande, karibu zaidi na bomba letu la moshi, lilikuwa na masizi tu. Halikuwa na tundu hata moja. Moshi ule ule, ukuta ule ule. Kwa nini utoboe kilicholowa na uache kikavu?

Nilimuuliza Racheal. Huyu ni injinia wa kampuni inayokagua maboila ya mji huu. Kila baada ya muda huja na tochi na nyundo yake ndogo, hugonga mabomba na kusikiliza kama daktari. Siku zote tulikuwa tunabishana. Yeye aliniita Mshairi wa Masizi, mimi nikamwita Bi Nyundo. Lakini swali langu lilimfanya aweke nyundo chini.

"Uliona mwenyewe? Kikavu hakina tundu?"

"Kwa macho haya."

"Basi umefika nusu ya njia, bwana. Ndani ya oili yenu kuna salfa, ile ile ya kichwa cha kiberiti. Ikiungua inakuwa gesi. Na gesi hiyo inapenda maji kuliko mlevi anavyopenda malwa. Ikikuta kitu kimelowa inaingia, na ikishaingia inakuwa asidi, kama ya betri ila nyepesi. Shuka la maji inalitoboa. Bati lenye umande inalitia kutu." Akajigusa shingoni. "Na koo la mtoto, ni kavu hilo?"

Nikakaa juu ya ndoo. Nilikuwa nimelisha moto ule kwa miezi nikidhani moshi ni moshi.

"Kama inapenda maji," nikasema, "si tuipe maji kabla haijatoka nje?"

Racheal akacheka, si kwa dharau. "Ndivyo wanavyofanya wenye pesa. Wanaipitisha kwenye mvua ya maji ya chokaa. Chokaa ni adui wa asidi, vinakutana vinamalizana."

Tulimpelekea Haji habari ya chokaa. Alisikia bei ya kuileta kila wiki kutoka Tororo, akaomba arudiwe, akasikia tena, akasema maneno ya Kiarabu ambayo sikuwahi kuyasikia msikitini.

"Mvua jengeni," akasema mwishowe. "Chokaa tafuteni ndugu yake maskini."

Mvua tukaijenga. Tuliunganisha mapipa mawili, moja juu ya jingine, tukayajaza matofali yaliyovunjika. Moshi uliingia chini, ukasukumwa juu na feni ya mashine mbovu ya kukoboa mpunga. Maji yalinyunyizwa kutoka juu, yakapita kwenye matofali yakikutana na moshi, yakadondokea kwenye birika la saruji, na pampu ikayarudisha juu tena. Racheal alikuja kila alipopata nafasi, hata siku zisizo zake, na mikono yake ikawa myeusi kama yangu.

Kwanza tulijaribu maji yetu wenyewe, yale machafu yanayotoka kwenye mashine za kufulia. Yana sabuni na soda, Racheal alisema, kwa hiyo ni makali, adui wa asidi kama chokaa, na ni ya bure. Hesabu yake ilikuwa sawa. Tulichosahau wote wawili ni kwamba sabuni ikipigwa feni hufanya kazi yake. Povu lilipanda katikati ya matofali, likajaza mapipa, likapanda bomba, na mbele ya macho ya mtaa mzima bomba letu la moshi likaanza kutapika povu la kijivu, lililoanguka uani, likaruka ukuta, likatua migongoni mwa mbuzi wa Afande Aber.

Haji alitoka nje akatazama juu.

"Nimeshaona mengi," akasema. "Boila inayonyolewa ndevu sijaiona."

*

Wazo la majivu lilikuwa langu, na nilijivunia. Kwetu Bugisu mboga hazipikwi kwa maji matupu. Malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, na majani ya kunde, hulainishwa kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu. Maji hayo ukiyagusa yanateleza vidoleni kama sabuni, bila povu. Nilimweleza Racheal, na macho yake yakawaka.

"Hiyo ndiyo! Hayo ni maji makali kabisa. Majivu ya nini?"

"Majivu ni majivu," nikajibu.

Nilijibu hivyo kwa sababu kwetu mwanamume aliyekwisha kutahiriwa haingii jikoni kuchungulia vyungu. Chakula huja. Ukionekana unauliza uliza mambo ya majiko, wenzako watakufungia kanga kiunoni. Mimi tangu nipone jeraha langu sikuwahi kusogelea mafiga, na sikuona sababu ya kuanza kwa ajili ya majivu.

Majivu nilijua yaliko. Mbale, katika mtaa wa Namatala nilikokulia, mashine za mpunga zimepakana na nyumba, na maganda ya mpunga huchomwa usiku na mchana mpaka yanakuwa vilima vyeusi ambavyo watoto huteleza juu yake. Mwenye mashine alipoona nimekuja na magunia alinishukuru kama niliyemwondolea deni la kanisa. Lori la mchele linalokwenda Jinja likanibeba pamoja na mzigo wangu, nikaingia kiwandani nikiwa nimesimama juu ya magunia kama jemadari.

Racheal alikuwa ananisubiri na kitambaa cheupe alichokichovya kwenye bizari ya manjano iliyonunuliwa duka la Mhindi, Main Street. Kilikuwa cha njano kama kiini cha yai.

"Tazama," akasema. Akakisugua kwa kipande cha sabuni. Pale alipopasugua pakageuka pekundu, rangi ya tofali.

Nilikumbuka shati langu la Idi. Nililimwagia mchuzi wenye bizari, nikalifua, na doa likawa jekundu. Nikamlaumu mwenye sabuni. "Kumbe!" nikasema. "Lakini kwa nini?"

"Manjano ndivyo ilivyo. Ikikutana na maji makali inaona haya, inakuwa nyekundu. Asidi ikija inarudi njano. Kwa hiyo hiki ndiyo macho yetu. Maji yetu yakiwa na nguvu, kitambaa kinakuwa chekundu. Nguvu ikiisha, kinabaki njano."

Tulikoroga majivu ya Namatala kwenye ndoo, tukaacha yatulie. Racheal akachovya kitambaa.

Njano.

Akachovya tena, akahesabu, akakitoa. Njano kama kiini cha yai.

"Kitambaa chako kimeharibika," nikasema.

Akakigusisha kwenye sabuni. Kikawa chekundu papo hapo.

"Bi Nyundo, mimi nimekula maji ya majivu tangu nina meno mawili. Washa feni."

"Shakul, ndoo inasema..."

"Ndoo haijazaliwa Bugisu. Washa!"

Tukawasha. Maji meusi yalizunguka, moshi ukatoka juu ukiwa umepungua masizi, wa kijivu sasa, na kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda. Kisha upepo ukaugeuza ukaushusha uani, nikavuta pumzi, na koo langu likajikunja. Ulikuwa unauma vile vile. Tulikuwa tumeuosha uso tu, meno yake tukayaacha.

Afande Aber alikuwa ametokea ukutani. Alivuta hewa mara moja, akakohoa mpaka kofia ikamtoka.

"Kamba naona," akasema alipoweza kusema. "Ndama iko wapi?"

Ukuta mzima ulicheka. Haji hakucheka. Alimwambia msimamizi wa mashine za kupiga pasi aanze kuwajulisha watu wa hoteli kwamba wiki ijayo huenda tusipokee mashuka.

*

Nilikwenda Busiu. Nilijiambia nakwenda kumwarifu Senge, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, kwamba huenda nikarudi, atengeneze chumba. Senge Nambozo ni dada wa marehemu baba yangu. Anapika na kuuza chakula pale senta, penye maduka, kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo, na sauti yake huifikia teksi kabla teksi haijasimama.

"Mulembe, papa!" akanisalimu kwa lugha ya kwetu kutoka mbali. "Umekuja kuoa au umefukuzwa?"

"Bado kidogo, Senge."

"Kidogo kuoa?"

"Kidogo kufukuzwa."

Akaniketisha kwenye benchi la wateja, nje, mahali pa wanaume. Nyuma yake, ndani ya banda, niliona mafiga, na kando ya mafiga chungu kimetundikwa, chini kina vitundu, na maji ya rangi ya chai yanadondoka tone tone kwenye bakuli. Nilikuwa nimekiangalia chungu kile maisha yangu yote bila kukiona. Mfukoni nilikuwa na kitambaa cha Racheal.

Nilikaa. Nilisimama. Nilikaa tena. Kuna wanaume wawili walikuwa wanakula pale, mmoja alikuwa wa rika langu la tohara, Owino tunamwita kwa sababu mama yake ni Mjaluo. Nilijua atasema nini. Nikawaza vichwa ukutani, nikawaza ndama iko wapi. Nikasimama, nikainamisha kichwa chini ya bati, nikaingia jikoni.

"Uwii!" Owino akapiga yowe. "Shakul ameolewa!"

"Nyamaza ule," Senge akamwambia, lakini na yeye alikuwa ameshika kiuno. "Wewe, unatafuta nini humu?"

Nilichovya kitambaa kwenye bakuli.

Hakikusubiri. Kiligeuka chekundu kama kilichochovywa kwenye jeraha.

Senge akaruka nyuma. "Umetia nini kwenye mboga yangu? Shakul! Damu?"

"Senge, haya majivu ni ya nini?"

"Nakuuliza umetia nini!"

"Bizari, Senge, bizari ya manjano, naapa. Niambie, ni majivu ya nini?"

Ilibidi nimwoneshe mara tatu, na kipande cha sabuni, kabla hajaacha kunishikia mwiko. Na alipoelewa, hasira yake ikageuka kitu kingine. Akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akakigeuza.

"Haya ni maganda ya matoke na mabua ya maharage," akasema. "Kwani wewe ulitumia ya nini?"

"Mpunga."

Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mkaa. "Mpunga! Hayo ni ya kusugulia sufuria! Ni mchanga ule, papa, mchanga mtupu. Hakuna mwanamke hapa mpaka mlimani atakayekuchujia majivu ya mpunga. Ungemuuliza hata msichana wa darasa la tatu."

"Nilikuwa nimetahiriwa," nikasema.

"Ulitahiriwa kichwa?"

Owino alikufa kwa kicheko. Mwache afe. Mimi nilikuwa nimeshikwa na kitu kingine kabisa: kama majivu hayafanani, yanazidiana vipi? Na yapi ni baba yao? Nilimwomba Senge vibakuli vyote alivyokuwa navyo. Mchana ule tulizunguka senta ya Busiu, mimi na Senge Nambozo, tukiomba majivu kila jiko, na kila majivu nikayachania kipande kipya cha kitambaa. Magunzi ya mahindi: kitambaa kilikuwa cha rangi ya chungwa, kwa uvivu. Mkaratusi: chungwa hafifu, ungesema ni kivuli. Maganda ya matoke: jekundu la kweli. Mabua ya maharage: jekundu zaidi. Watu walianza kutufuata. Wengine waliweka madau, mama wa magunzi akakataa matokeo akaleta majivu mengine. Mzee wa baiskeli akauliza kama kitambaa kinaweza kumwambia ni ng'ombe yupi ana maziwa.

"Bado moja," Senge akasema. "Hayo hatupikii. Ukiyapikia yanachubua ulimi, mboga zinayeyuka." Akanipeleka kwa jirani yake aliyekuwa anafua magunia nyuma ya nyumba, na karai la majivu ya maganda ya kahawa kando yake.

Nilichovya. Kitambaa kilikuwa cheusi-chekundu kabla hakijazama, rangi ya ini.

Umati ukaguna.

"Kwa nini kahawa, Senge?"

Alifikiri. "Kahawa inatoka mlimani. Mlimani kila kitu ni kikali, hata watu."

Baadaye Racheal alinipa sababu yake, kwamba mmea wa kahawa unachota chumvi fulani ardhini na kuificha kwenye ganda, na moto unaiacha kwenye jivu. Ninazipenda sababu zote mbili na sijaamua.

Majivu ya kahawa hayakuwa shida kupata. Mbale kuna vinu vya kahawa, maganda yanachomwa kwenye matanuri ya matofali, na majivu yake hutupwa kando ya barabara ambako mvua huyachezea. Nilijaza magunia kwa yale yaliyokuwa bado makavu. Senge akanipa chungu chake cha vitundu, amekifunga kwa kanga yake.

"Usikoroge," akaniambia. "Mwanamume akiona maji na majivu anakoroga. Wewe weka nyasi chini, majivu juu, maji yashuke yenyewe. Ukikoroga utaziba mabomba ya huyo Haji wako. Na chungu changu kirudi."

*

Siku ya watu wa jiji, Afande Aber alifika kwanza. Alikuja akiwa amevaa sare kamili, amebeba kiti cha plastiki, na shuka jipya jeupe, limelowa, linachuruzika. Alilianika kwenye kamba iliyokuwa chini kabisa ya bomba letu, upande ambao upepo wa ziwa hupeleka moshi asubuhi. Kisha akaweka kiti chini ya shuka, akakaa, na kukunja mikono.

"Afande, si lazima ukae pale," Haji akamwambia.

"Nguo haikohoi," akajibu. "Mimi nakohoa. Washa."

Watu wawili wa jiji walisimama kivulini. Haji alikuwa na tasbihi. Racheal alikuwa kwenye pampu, mimi kwenye mdomo wa moto. Kando ya birika kulikuwa na mapipa yaliyotobolewa chini na kujazwa nyasi na majivu ya kahawa, wajukuu wakubwa wa chungu cha Senge, yakidondosha maji ya rangi ya chai. Kitambaa kilichokuwa kinaning'inia birikani kilikuwa chekundu.

Niliwasha. Oili ikashika, boila ikaguna, feni ikaanza kulia. Mapipa yakavuma kwa mvua ndani yake. Bomba likatoa kitu cheupe, kizito, kikapanda kidogo, kikainama kwa upepo, na kikashuka polepole juu ya shuka na juu ya kofia ya Afande Aber. Hakuonekana kwa muda.

Tukasubiri akohoe.

Kutoka ndani ya ule weupe tukasikia sauti: "Harufu ya mboga."

"Nini?" mtu wa jiji akauliza.

"Nimesema inanuka kama mtu anapika mboga." Mvuke ukapita, akaonekana amekaa vile vile, uso umelowa. "Endelea."

Niliendelea. Jua likapanda. Mashine za kufulia zilianza kuzunguka, na kwa mara ya kwanza katika wiki nzima nilisikia wasichana wa pasi wakiimba. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga kichwani ubeti wa ushindi, vina vyake vilikuwa vinakuja vyenyewe, ndipo Racheal akapiga nyundo kwenye bomba.

"Shakul! Kitambaa!"

Kingo zake zilikuwa zimeanza kugeuka chungwa. Maji yalikuwa yanachoka. Kila pumzi ya moshi ilikuwa inayala, na hatukujua kwamba yangechoka upesi hivyo.

Afande Aber alikohoa. Mara moja, kidogo, kama anayesafisha koo kabla ya kutoa hukumu. Haji alifumba macho.

Nilikimbia. Nilifungua mfereji wa birika, maji yaliyochoka yakaanza kukimbilia kwenye shimo tulilochimba, na Racheal akamimina yaliyokuwa yamechujwa, ndoo baada ya ndoo, na mimi nikamimina upande wa pili, maji yakaniunguza mikwaruzo ya mikono kama pilipili. Nilichovya kitambaa. Chungwa. Ndoo nyingine. Chungwa iliyokolea. Nyingine. Kikawa chekundu, kikabaki chekundu.

Tulisimama tukihema, tumelowa wote wawili, tukitazama kiti.

Afande Aber alikaa mpaka shuka likakauka. Hapo ndipo alipoinuka. Alilishusha, akalinusa, akalinyoosha kuelekea jua na kulitazama pembe zote nne, sehemu kwa sehemu, kama anayemkagua mfungwa anayetoka. Akaingiza kidole gumba na kukisukuma ili aone kama nyuzi zitaachia. Hazikuachia.

Mtu wa jiji akamuuliza, "Afande, unasemaje? Wewe ndiye mlalamikaji."

"Ilinikohoza," akasema.

Haji akaacha kuhesabu tasbihi.

"Mara moja. Wakati hiyo kitambaa yao ilikuwa inageuka rangi. Niliona. Ilipokuwa nyekundu, nilipumua kama niko kwetu Gulu." Akanigeukia. "Wewe mshairi. Hiyo kitambaa, unaiweka ndani, chini, mahali wewe peke yako unaona. Sitaki. Utachovya moja kila asubuhi na moja kila saa ya chai, na utaitundika juu ya ukuta, upande wangu. Ikiwa nyekundu, naanika nguo. Nikiona njano, siendi kwa watu wa jiji, nakuja mimi mwenyewe na kufuli ya jela. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Boila ibaki," akawaambia watu wa jiji, nao wakaandamana kwenda zao, mmoja akinusa hewa kama asiyeamini. Haji Jamiru alifungua macho, akasema alhamdulillahi, kisha akamwagiza mtu akawaambie wa hoteli walete mashuka yote.

Nilipanda juu ya pipa la oili. Ukuta ulikuwa unasubiri, na ubeti wangu ulikuwa tayari, mizani kumi na sita, vina vimekaa. Nikafungua mdomo.

"Ngoja," Afande Aber akasema. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, shuka begani, anatazama chini. Maji yaliyochoka yalikuwa yametulia humo, ya kijivu, na juu yake utando mwembamba. "Ile ubaya yote iliyokuwa inatoboa nguo yangu. Si iko hapa sasa?"

Nikamtazama Racheal. Racheal akatazama shimo.

"Ni kama chumvi sasa," Racheal akasema polepole. "Asidi imekwisha, ila masizi yamo, na sijui nini kingine kutoka kwenye hiyo oili."

"Na shimo ikijaa inaenda wapi? Kwa Nile?"

Nilishuka kwenye pipa bila kusema ubeti wangu, nikachukua bakuli, nikapiga magoti ukingoni na kuchota yale maji. Nilipotumbukiza kitambaa kipya, kilibaki njano. Nikayainua kwenye mwanga, nikayazungusha, na chini kabisa nikaona punje ndogo ndogo nyeupe zimeanza kukaa. Racheal alichuchumaa kando yangu. Kisha kivuli cha kofia kikatufunika, na Afande Aber akainama katikati yetu, mikono magotini.

"Hizo ni nini?" akauliza.